Jiko la Anti: maswali yenu kuhusu msosi wa Ugiriki

Toleo lililopita niligusia kwa kupitia tu kwamba Wagiriki wanakula kwa kalenda, basi meseji zikamiminika kutoka Dodoma mjini na wilayani mpaka mhariri akanambia nitenge safu nzima. Haya. Huko nimekaa kwa vipindi, nimepika na wenyeji, nimekula vizuri na kuna siku nimekula vibaya, ntajibu ninachokijua. Maswali ya viza msinitumie jamani, hayo hayana chumvi wala sufuria.

*

Shikamoo Anti. Sisi ni kikundi cha kanisa hapa Kikuyu, tumechanga pesa muda mrefu twende kuzuru nyayo za Mtume Paulo, yaani Filipi, Thesalonike, Beroya, Athene na Korintho. Tarehe zetu ni 22 Aprili mpaka 5 Mei 2027, tumepanga makusudi iwe baada ya Pasaka ili kwaresma iwe imeisha tule kwa uhuru. Sasa kuna mtu katwambia tutawakuta wenzetu bado wamefunga, ni kweli? Na tuna watu wazima kwenye msafara, watakula nini? — Katibu wa safari, Kikuyu

Marahaba katibu. Aliyewaambia hajakosea. Waorthodox wanapiga hesabu ya Pasaka kwa kalenda ya zamani, ile ya Julius, kwahiyo mwaka 2027 sisi tunamaliza 28 Machi wao Pasaka yao ni 2 Mei, zaidi ya mwezi mzima baadae. Si kila mwaka iko hivyo, 2025 zilikutana 20 Aprili na 2028 zitakutana tena 16 Aprili, ila mwaka wenu nyie zimeachana mbali kabisa. Mtashuka kwenye ndege wenzenu wako ukingoni mwa kwaresma.

Sasa msianze kulaumiana kwenye kamati, kwa maoni yangu hizo ndo tarehe nzuri kuliko zote za mwaka kwa mtu anayetaka kujua Wagiriki wanakula nini, na kama mngeniuliza mimi kabla ningewapangia hizohizo.

Kufunga kwao ni hivi: hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna maziwa wala jibini, na samaki pia hapana, lakini pweza, ngisi, kamba na kome ruksa, kwa sababu hao wanahesabiwa hawana damu. Kwahiyo utamkuta mtu kafunga kabisa huku mbele yake kuna mkono wa pweza wa kuchoma umekamuliwa limau, na hamna anayemshangaa. Migahawa inauza nyama kama kawaida, hakuna atakayewanyima, ila nawashauri waambieni wahudumu mnataka nistisima, hilo ndo jina la chakula cha mfungo, mtaletewa maharage makubwa meupe ya kuoka na nyanya, wali uliopikwa na spinachi, vijani vya zabibu vilivyofungwa wali ndani, supu ya maharage inaitwa fasolada ambayo wenyewe wanasema ndo chakula cha taifa lao wala si hivyo vya kwenye picha za watalii. Kwa wazee wenu hivi vyote ni laini na havina shida ya meno. Waangalie chumvi tu, zeituni na vitu vya kwenye siki vina chumvi kali.

Siku zenyewe sasa. Jumapili ya Matawi inaangukia 25 Aprili na siku hiyo samaki anaruhusiwa, kwenye kwaresma yote ni mara mbili tu, nyingine ni 25 Machi, sikukuu ya Maria kupashwa habari ambayo pia ni siku yao ya taifa, na nchi nzima inanuka samaki wa chumvi aliyekaangwa na sosi ya kitunguu saumu, hiyo mtakuwa mmeikosa. Alhamisi Kuu, tarehe 29, wanachemsha mayai wanayapaka rangi nyekundu na kuoka tsoureki, mkate mtamu wa kusukwa wenye harufu ambayo hautaisahau, harufu yenyewe inatoka kwenye kiini cha mbegu ya cheri pori pamoja na mastiha, utomvu wa mti wanaoulima kusini mwa kisiwa cha Chios, na utaalamu wa kuuvuna UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi 2014. Ijumaa Kuu msitegemee meza ya maana, wengi wanakula adesi, zile dengu ndogo bapa, zimechemshwa na siki bila hata tone la mafuta. Nyie nendeni kwenye maandamano ya jioni, wanapita mitaani na jeneza la Bwana lililopambwa maua, chakula kitasubiri.

Jumamosi tarehe 1 Mei ndo pa kukazia. Mfike kanisani kabla ya saa sita usiku na mishumaa yenu, taa zinazimwa, moto unapitishwa mtu kwa mtu, kengele na fataki zinalipuka, watu wanasema Christos Anesti, Kristo amefufuka, na nyie mnajibu Alithos Anesti, hakika amefufuka, halafu kila mtu anakimbia nyumbani kufungua mfungo usiku uleule na magiritsa, supu ya matumbo na maini ya mwanakondoo imekatwakatwa ndogondogo na majani ya saladi na ya kitunguu, juu wanaimwagia mayai yaliyopigwa na limau. Kabla ya supu wanagonganisha yale mayai mekundu, yai lako likibaki zima mwaka wako mzuri. Migahawa mingi inafungua usiku huo kwa ajili ya supu hiyo ila mweke oda mapema, kundi lenu ni kubwa. Kesho yake ni kondoo mzima kwenye mti, anazungushwa kwenye mkaa toka asubuhi, na pembeni yake kokoretsi, maini na figo na mapafu vimechomekwa kwenye mti vikazungushiwa utumbo mpaka havionekani. Watu wa Dodoma mliozoea kuchomewa mnada wa Msalato hapo hamhitaji mkalimani. Maduka yatakuwa yamefungwa Jumapili na Jumatatu, nunueni maji na matunda Jumamosi mchana.

Kwa njia yenu: Filipi iko karibu na Kavala, ile Neapoli ya kwenye Matendo 16, na hapo jirani kuna mji wa Nea Karvali unaosifika kwa kourabiedes, biskuti za siagi na lozi zimefunikwa sukari ya unga. Thessaloniki mtakula asubuhi bougatsa, chapati nyembambanyembamba zimefungwa na uji mzito wa semolina ndani, au jibini. Mji ule mapishi yake yana viungo kuliko Athens kwa sababu ya wakimbizi, zaidi ya watu milioni moja walihamia Ugiriki kutoka upande wa Uturuki baada ya vita ya 1922 na mabadilishano ya watu ya 1923, wakaja na sufuria zao, na 2021 UNESCO wakautaja mji wa mapishi. Beroya ya leo inaitwa Veria, muulizie revani, keki ya semolina iliyolowekwa shira. Korintho ni nchi ya zabibu na zabibu kavu, hapo mtajisikia nyumbani.

*

Assalaam aleikum Anti. Mume wangu anaenda Athens kikazi mwezi mzima na mimi wasiwasi wangu ni nguruwe tu. Nimesikia huko kila kitu ni nguruwe. Atakula nini? — Mama Rukia wa Kondoa

Waaleikum salaam mama. Wasiwasi wako una msingi. Mishikaki yao, souvlaki, na ile nyama inayokatwa kwenye mti unaozunguka, gyros, ukiagiza bila kusema kitu unaletewa nguruwe, hiyo ndo kawaida yao. Amwambie mhudumu "horis hirino", bila nguruwe. Kuku ni kotopoulo, kondoo ni arni, lakini hapo tunazungumzia aina ya nyama tu, kuchinjwa ni habari nyingine, na mkaa unaochomea kuku mara nyingi ni uleule uliochomea nguruwe.

Nyama ya halali ipo. Maeneo ya katikati ya Athens upande wa Omonia kuna mabucha na vijihoteli vya Wapakistani, Wabangladeshi, Wasiria na Wamisri, bei zake ni za kibinadamu. Msikiti rasmi wa mji uko mtaa wa Votanikos, ulifunguliwa Novemba 2020, akienda Ijumaa moja tu atarudi na ramani yote ya pa kula. Na kama kazi itampeleka kaskazini mashariki, miji ya Xanthi na Komotini ina Waislamu wenyeji wa toka enzi na enzi, huko hatapata tabu.

Siku zingine zote ale samaki na ladera. Ladera ni mboga zilizopikwa taratibu na nyanya na mafuta mengi ya zeituni, maharage machanga, biringanya, viazi, pilipili hoho zilizojazwa wali. Kwenye hizo za kujazwa aulize kama ndani kuna nyama ya kusaga. Na pweza aulize amepikwaje, kuna mapishi ya pweza na ya stifado, nyama ya mchuzi wa vitunguu, wanamimina divai humohumo kwenye sufuria, mtu asipouliza haambiwi.

*

Anti mambo, ni kweli hao watu wanakula usiku wa manane? — Kijana wa Nzuguni

Poa. Si manane ila karibu. Chakula cha mchana saa nane mpaka saa kumi, cha usiku saa tatu, saa nne, na kiangazi saa tano bado familia zinakaa mezani na watoto wadogo hawajalala. Ukiingia mgahawa saa kumi na mbili jioni utakaa peke yako na mhudumu akifuta meza. Kunywa chai nzito ya asubuhi kwenye duka la mikate, halafu saa kumi na moja jioni utafune kitu, utafika.

*

Habari yako dada. Mwaka jana Agosti mimi na mke wangu tulipita Athens tukakaa mgahawa mmoja chini ya kile kilima cha magofu. Kijana kasimama nje anatuita, menyu ina picha kila ukurasa. Mkate tukaletewa bila kuagiza tukalipishwa. Samaki tuliona bei yake kwenye menyu ni nafuu tukaagiza, bili ilipokuja ilikuwa mara mbili na zaidi. Tuliibiwa au ndo utaratibu? Maana mke wangu mpaka leo Ugiriki hataki kuisikia. — Baba wa Area C

Pole sana kaka, na mpe pole shemeji. Kwa mkate, utaratibu. Wanauita couvert, kila mtu mezani anatozwa kiasi kidogo cha mkate, na hata nyumba nzuri za chakula za wenyeji wanatoza. Usipoutaka sema ukiletwa tu urudishwe.

Kwa samaki, hapo ndo watu wengi wanalizwa. Samaki wa kupimwa bei yake kwenye menyu ni ya kilo, haijaandikwa kwa sahani. Sasa kwenye nyumba inayojiheshimu unanyanyuka, unaenda kwenye barafu, unamuona samaki macho na mashavu, unachagua, anawekwa kwenye mzani mbele yako, unaambiwa uzito na unaambiwa itakuwa shilingi ngapi, euro namaanisha, unakubali au unakataa kabla hajaingia jikoni. Asiyekupeleka kwenye mzani usile samaki wake. Kingine, ukiona alama ya nyota au herufi "κατ." pembeni ya chakula kwenye menyu maana yake kimetoka kwenye friza, wanatakiwa kuandika, kwahiyo hiyo nyota isome kwa makini kuliko hata picha.

Na ukitafuta vizuri kwenye menyu au ukutani utakuta tangazo kwamba mteja hana wajibu wa kulipa kama hajapewa risiti. Wewe dai risiti, ipitie mstari kwa mstari, hakuna atakayekununia.

Ila Agosti nayo iliwaponza. Wenye Athens yao mwezi huo hawapo, wamehamia visiwani na vijijini, na nyumba nyingi nzuri za chakula zinafunga wiki kadhaa, mjini wanabaki wanaowangoja watalii tu. Na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, ndo kubwa yao ya kiangazi, kisiwa cha Tinos kinajaa mahujaji, vijijini kuna ngoma mpaka alfajiri na nyama za kupikwa kwenye masufuria makubwa. Mkienda tena Agosti nendeni kwenye kijiji, msikae mjini.

Nani aliwambia lakini kila mtu aagize sahani yake? Huko vyakula vinawekwa katikati kila mtu anachovya. Anza na vitu vitatu vinne vidogo kwa watu wawili, tzatziki ya mtindi na tango, jibini la kukaanga, mboga pori za kuchemsha, ukishiba umeokoa hela. Saladi ya kijijini, horiatiki, ni nyanya, tango, kitunguu, zeituni, na kipande kizima cha jibini la feta juu na oregano. Ukiona majani ya saladi humo jua umekaa kwa watalii. Feta yenyewe kwa sheria ya Ulaya toka 2002 ni ya Ugiriki tu, maziwa ya kondoo, ya mbuzi yasizidi asilimia 30, ya ng'ombe hayamo. Na saladi hiyo ni ya kiangazi, shemeji mpeleke Januari muone wenyeji wanaagiza kabichi na karoti kwa sababu nyanya ya Januari haina ladha, anayekuuzia horiatiki Januari anakuuzia rangi. Ule mchuzi wa mafuta na nyanya unaobaki chini chovya mkate, ndo maana uliletwa.

*

Dada, mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo. Nimeona kwenye simu watu wanafunga wali kwenye majani ya zabibu, wakasema ni Wagiriki. Sisi majani tukipogoa tunatupa ama tunawapa mbuzi. Hii kitu inafanyikaje na je majani yetu yanafaa? — Mkulima, Hombolo

Kaka swali lako nimelipenda kuliko yote na wengine wanisamehe.

Zinaitwa dolmadakia, na wala si Wagiriki peke yao, Waturuki, Walebanoni, Waarmenia wote wanafunga na kila mmoja anasema ni zake. Wagiriki wanachuma majani wakati wa masika yao, kuanzia mwisho wa Aprili mpaka mwanzo wa Juni, jani likiwa changa, baada ya hapo linakomaa linakuwa gumu. Wewe Dodoma una bahati wao hawana, zabibu zako zinavunwa mara mbili kwa mwaka kwahiyo ukishapogoa unapata chipukizi mara mbili. Chuma jani la tatu na la nne kutoka kwenye ncha, kubwa kama kiganja, laini, lisilo na manyoya upande wa chini. Wao wanaipenda sana mizabibu ya sultanina kwa sababu jani lake ni jembamba. Ya kwako Makutupora nyekundu au Chenin jaribu kwanza machache, yachemshe uyatafune, ukiona yanakuwa nyuzi mdomoni acha hiyo chukua nyingine.

Lakini kubwa ni dawa. Zabibu inapigwa sana dawa ya ukungu, na hapa unakula jani lenyewe lililopigwa. Tenga mstari mmoja wa majani tu usioupiga kabisa. Asiyekuwa na mstari huo asifanye.

Mapishi: kata vikonyo, tumbukiza majani kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu yabadilike rangi, toa, chuja. Ya ndani ni mchele kikombe kimoja, vitunguu viwili vikubwa vimekatwa vidogo vimekaangwa kwenye mafuta ya zeituni, nana kwa wingi, pasili kama ipo, chumvi, pilipili manga, limau. Tandaza jani upande unaong'aa ukiwa chini, mishipa ikikutazama wewe, weka kijiko kidogo cha wali, kunja pembeni zote mbili halafu viringisha, usikaze sana mchele utavimba upasue. Chini ya sufuria tandika majani yaliyochanika, panga vifundo vibanane, mimina mafuta, limau na maji ya moto mpaka vifunikwe, juu kandamiza kwa sahani iliyogeuzwa visicheze. Moto mdogo, robo tatu ya saa hivi. Viache vipoe humohumo, hivi vya bila nyama vinaliwa baridi. Vya nyama ndo vinaliwa vya moto na ile sosi ya mayai na limau. Majani yakibaki yapange kwenye chupa na maji ya chumvi yanakaa miezi.

Na kwa kuwa wewe ni wa zabibu ngoja nikupe nyingine. Septemba wakivuna wanachukua juisi mbichi kabla haijachacha, wanaichemsha na jivu safi la kuni lililofungwa kwenye kitambaa ili itulie uchafu ushuke, wanachuja, wanakoroga na unga mpaka inakuwa nzito, wanamimina kwenye visahani na kunyunyiza mdalasini na karanga za walnati au ufuta. Moustalevria. Hamna sukari hata punje, utamu wote ni wa zabibu. Juisi hiyohiyo ukiendelea kuichemsha bila unga inageuka shira nyeusi, petimezi, inakaa mwaka mzima kabatini. Mwaka ambao bei ya zabibu imeanguka na wanunuzi hawaonekani mimi ningekuwa Hombolo ningeuza petimezi, ila mimi ni mpishi si mfanyabiashara.

Ukifika kule ukaitembelee Santorini, mashamba yao utadhani hayana mizabibu mpaka uangalie chini, wanaisuka kila mti duara ardhini zabibu zikakaa katikati, upepo na jua visizimalize.

*

Anti niaje, niko UDOM, nimepata nafasi ya miezi mitatu Thessaloniki kuanzia Oktoba. Hela ya kula ni ya mawazo. Nisurvive vipi? — Chuo, mwaka wa tatu

Hongera mwanangu. Asubuhi koulouri, mkate mwembamba wa duara wenye ufuta, unauzwa barabarani na ndo kitu cha bei ya chini kuliko vyote mjini. Mchana tafuta mageirio, hoteli ya vyakula vilivyopikwa asubuhi, unaingia unaona masufuria unaonyesha kwa kidole, sahani ya maharage au adesi na mkate inakutosha mpaka usiku. Usiku mkate wa pita wenye nyama na chipsi ndani. Uliza mapema kantini ya chuo, wanafunzi wa kubadilishana mara nyingi wanaruhusiwa. Kila mtaa una siku yake ya laiki, soko la barabarani, nenda linapokaribia kufungwa mchana bei zinashuka, Oktoba mpaka Desemba utakuta makomamanga, chestinati, machungwa yanaanza, na mafuta mapya ya zeituni yanaanza kukamuliwa Novemba, ya kijani, yanawasha kooni, hayo onja hata ukope.

Kahawa wanakunywa ya baridi hata kwenye ubaridi. Ile frappe ya povu ilizaliwa hapohapo Thessaloniki, kwenye maonyesho ya biashara ya 1957, siku hizi vijana wengi wanaagiza freddo. Kikombe kimoja unakaa nacho masaa matatu hamna anayekufukuza, kwahiyo kwa mwanafunzi ni maktaba yenye feni. Ukikumbuka nyumbani tafuta loukoumades, ukiziona tu utasema kaimati, wao wanamwagia asali na mdalasini.

*

Binti yangu kaolewa Ugiriki, kaniita Krismasi na mwaka mpya. Nataka nimpelekee nyama kavu, samli, asali yetu ya huku na maembe. Na huko sikukuu wanakula nini? — Mzee, Manyoni

Shikamoo mzee wangu. Nyama na samli acha Manyoni, Umoja wa Ulaya hawaruhusu msafiri kutoka nje kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, watakunyang'anya uwanjani na wanaweza kukupiga faini juu. Maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea, kusumbuka bure. Nazi, ndizi, mananasi na tende hayadaiwi cheti. Asali inaruhusiwa isiyozidi kilo mbili kwa mtu, beba hiyo na uifunge vizuri.

Na asali utaipatia kazi. Desemba kila nyumba inaoka melomakarona, biskuti za mafuta na maji ya chungwa zinazolowekwa kwenye asali na kumwagiwa walnati, hazina yai wala siagi kwa sababu nazo zilikuwa za mfungo wa siku arobaini kabla ya Krismasi. Mezani mara nyingi ni nguruwe, kama huli mwambie binti amweleze mama mkwe wake mapema. Tarehe 1 Januari wanakata vasilopita, keki ya Mtakatifu Basili yenye sarafu ndani. Kipande cha kwanza ni cha Kristo, kinafuata cha Bikira Maria, cha nyumba, halafu wanaanzia kwa mkubwa kushuka kwa wadogo, kwahiyo wewe mzee chako kitakuja mapema. Tafuna taratibu, sarafu ni ya chuma. Na usishtuke wakipasua komamanga kizingitini, ni la baraka.

*

Anti mimi Mgogo wa Mvumi, mchumba wangu Mgiriki anafanya kazi hapa Dodoma. Juzi nimempikia mlenda na bamia akasukuma sahani, akasema kwao bamia wanazila ila "si hivi". Kwani wanazilaje? — Nimechukia, Mvumi

Usichukie mdogo wangu, huyo hajakutukana. Kwao mpishi wa bamia anahukumiwa kwa jinsi alivyouondoa ule uteute, yaani unachokitafuta wewe ndo anachokikimbia yeye. Wanachagua bamia ndogondogo, wanamenya kikofia cha juu kwa kisu bila kutoboa ndani, wanazimwagia siki na chumvi na kuzianika juani nusu saa au zaidi, wanasuuza, halafu wanazipika na nyanya, kitunguu na mafuta ya zeituni na ni marufuku kukoroga, unatikisa sufuria tu. Mara nyingi na kuku. Jua la Mvumi litakusaidia, dakika ishirini zinatosha. Mpikie hivyo Jumapili. Jumatatu rudi kwenye mlenda wako na ugali wa uwele, naye umuwekee kidogo pembeni, azoee.